Upande wa Ukutani

Mgeni alipiga hodi mara mbili. Alipoona kimya akachungulia, na alichokiona kilimfanya aingie bila kukaribishwa: mzee amelala chali sakafuni katikati ya karakana, macho yameelekea kwenye bati, mikono imepangwa kifuani, na nyuzi nyeupe za sufi zimemtanda ndevu na kope.

Mgeni huyo alikuwa binti mwembamba mwenye begi mgongoni. Alilitupa begi, akapiga magoti, akamshika mzee kifundo cha mkono akitafuta mapigo, na kabla mzee hajasema lolote tayari alikuwa amemfunua jicho kwa vidole viwili.

"Baba! Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Hata mtaa wa pili wanakusikia. Niachie jicho langu."

Binti alirudi nyuma akaangukia juu ya gunia. "Nilidhani..."

"Ulidhani nimekufa. Si wewe wa kwanza. Nimejinyoosha tu. Mgongo huu nikiulaza kwenye saruji unanipa nafasi ya kuvuta pumzi."

"Usihangaike naye, binti!" ilisikika sauti kutoka barazani, ikifuatana na mlio wa nyundo ndogo. "Huyo hafi leo. Ukimuuliza siku atakayokufa atakwambia kesho!"

Aliyesema hivyo alikuwa mshona viatu wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Kisigino. Naye mzee aliyelala sakafuni, mtengeneza magodoro, aliitwa Fundi Kesho, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Godoro la kesho kwake lilikuwa la wiki ijayo, na la wiki ijayo lilikuwa la mwenye subira. Hakuwa mvivu. Mikono yake ilikuwa mizuri, na waliopata magodoro yake hawakwenda kwa fundi mwingine. Shida yake ni kwamba hakuweza kumtazama mtu usoni akampa habari ya kumvunja moyo. Basi alimpa siku iliyo karibu, kama vile mtu anavyompa mtoto peremende ili anyamaze.

"Mimi ni daktari," binti alisema, akijipangusa magoti. "Daktari mpya, wa zahanati ile nyuma ya soko."

"Daktari? Mbona mdogo hivyo?"

"Nitakua."

Fundi alicheka, na kicheko kikamshukia mgongoni, akakunja uso. Daktari aliona.

"Nilikuja kuulizia godoro," akasema, "lakini godoro litasubiri. Mgongo unauma wapi?"

"Kiunoni. Hapa, na hapa."

"Unaumaje?"

"Unauma kama kuuma."

"Hapana, baba, nisaidie. Unachoma, unavuta, unagonga, au unakufa ganzi?"

"Kumbe kuna kuchagua?" Fundi aliwaza kidogo, akitazama bati. "Asubuhi unachoma. Mchana unavuta. Ikifika jioni unaniambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mtoto wa watu."

"Maumivu yanashuka mguuni?"

"Mguu wa kushoto. Yanatoka huku juu, yanapita nyuma ya paja, mpaka kwenye kisigino."

"Nani ananiita?" sauti ya barazani ikauliza.

"Hakuna aliyekuita, wewe! Tunaongea mambo ya maana!" Fundi akamgeukia daktari. "Na kidole gumba kimekufa ganzi tangu mvua zilizopita. Nakikanyagia, lakini ni kama nakanyagia kidole cha mtu mwingine."

Daktari alishusha sauti na kutazama pembeni.

"Samahani, baba, hili ni swali la kazi. Haja ndogo inatoka vizuri? Na huhisi ganzi yoyote pale... unapokalia?"

Mlio wa nyundo barazani ukakoma kabisa.

"Inatoka vizuri," alisema fundi. "Na siku ikikosea njia, mwanangu, sitakwambia wewe."

"Ni mimi hasa wa kuambiwa. Ukiona hivyo, usingoje kupambazuke, unakuja. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akafungua begi lake, akatoa chupa ndogo ya dawa ya kuchua. Alikuwa bado katika wiki zake za kwanza kazini, na alitembea na dawa jinsi wengine wanavyotembea na mwavuli, kwa sababu ilimuuma kukutana na mtu anayeumia akiwa mikono mitupu.

"Hii huwezi kujipaka mwenyewe," alisema. "Mgongo haujikuni. Mama yupo?"

"Hayupo," alijibu fundi.

Neno hilo ni pana. Mtu aliyetoka kwenda dukani kununua chumvi hayupo, na mtu aliyezikwa hayupo. Anayelisema anajua, anayelisikia hukisia. Daktari, ambaye siku nzima alikuwa akiwauliza watu maswali ya namna hiyo, alikisia soko.

"Basi akirudi mwambie akuchue asubuhi na jioni. Asibonyeze kwenye mfupa wenyewe, abonyeze pembeni, taratibu, akishuka hivi. Atajua. Wamama wanajua."

Fundi alifungua mdomo amsahihishe. Barazani Kisigino hakupiga nyundo, alikuwa akisikiliza. Binti yule alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili, uso wake umejaa imani, na fundi, kama kawaida yake, hakuweza.

"Akirudi," alisema, "nitamwambia."

Ndipo wakafika kwenye godoro. Mama mzazi wa daktari alikuwa anakuja kumtembelea kwa mara ya kwanza tangu apangiwe kazi, na chumbani kwake alikuwa na mkeka na mto tu. Yeye mwenyewe angeweza kulala popote, alisema, lakini si mama. Tena mama hapendi sponji, anasema linamchemsha kama kiazi. Alitaka godoro la sufi, la mtu mmoja.

"Anafika lini?"

"Ijumaa jioni."

"Basi Ijumaa jioni atalala juu ya sufi."

"Ijumaa ipi?" Kisigino akauliza kwa upole kutoka nje.

"Ijumaa hii!" Fundi alijiinua kwa kiwiko, uso umekunjamana kwa maumivu. "Naahidi, mwanangu. Mama yako hatalala chini."

"Na wewe uniahidi utakuja zahanati Jumatano nikupime vizuri."

Akaahidi hilo pia. Siku hiyo ahadi zilikuwa zinatoka zenyewe.

Chumba cha fundi kilikuwa nyuma ya karakana, na kati ya chumba na karakana palikuwa na mlango uliokuwa haufungi sawasawa. Ndani mlikuwa na kitanda cha watu wawili, kimesukumwa mpaka ukutani, na juu ya kitanda godoro la sufi ambalo mteja yeyote angemrudishia kwa matusi. Lilikuwa na mabonde mawili. Moja lilikuwa la upande wa nje, lake. La pili lilikuwa la upande wa ukutani, dogo zaidi, lenye kishimo cha bega na kishimo cha nyonga, la mtu aliyezoea kulala kwa ubavu.

Mkewe alipenda ukuta. Alisema una ubaridi mzuri, na tena ukilala ukutani hakuna wa kukuamsha ufungue mlango. Hawakujaliwa watoto. "Tumejaliwa wateja," alikuwa akisema, "na wenyewe wanalia vilevile." Ni yeye aliyekuwa akisimama mlangoni na kuwaambia wateja ukweli. "Ukipewa siku na mume wangu, ongeza wiki. Ukipewa na mimi, njoo siku hiyo hiyo." Walikuja siku hiyo hiyo, na godoro walilikuta. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe, na siku za fundi zilikuwa zimebaki hazina wa kuzisimamia.

Godoro la sufi hufumuliwa kila baada ya muda, sufi ikachambuliwa, ikaanikwa juani, ikarudishwa. Asiyejua hilo ni mtoto. Fundi alikuwa amewafumulia magodoro watu wa mitaa yote ile, na la kwake hakuligusa. Tena, kwa kuwa upande wa ukutani ulikuwa umezama zaidi, usiku godoro lilimvuta kuelekea huko. Hakutaka kulivuruga bonde lile. Basi alilala pembeni kabisa ya kitanda, ubavu mmoja juu ya mbao, mkono mmoja umeshika ukingo, na akajizuia hivyo mpaka asubuhi. Usingizi ulipomzidi akaanza kuteleza, alishtuka na kujirudisha.

Jioni ile aliweka chupa ya dawa kando ya kijiko cha chai kilichokuwa dirishani, akakaa kitandani, akajikuta anatega sikio. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka sokoni. Kulisikika viatu, vicheko, mtu akibishana juu ya chenji. Alikuwa na akili zake timamu. Alijua vizuri aliyezikwa harudi na kapu. Hata hivyo alisikiliza mpaka njia ikawa kimya.

"Daktari kasema unichue," aliuambia ukuta. "Kasema ubonyeze pembeni."

Jumatano alikwenda, na jambo hilo peke yake lilimfanya Kisigino aweke nyundo chini na kumtazama akipita.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha daktari, meza yenye mguu uliotegemezwa kwa kipande cha tofali, na kitanda chembamba kilichofunikwa plastiki ya kijani. Daktari alimlaza, akauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka; ukapanda vizuri. Akauinua wa kushoto. Haujafika mbali fundi akashika ukingo wa kitanda na kuita jina la mama yake. Akamgonga magoti kwa kinyundo cha mpira. Akamwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, naye akatembea akiona aibu kama bwana harusi.

"Kaa, baba. Nikueleze." Alikunja ngumi zake mbili, akazipanga moja juu ya nyingine. "Hizi ni pingili za uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini, kama kigodoro. Chako kimoja kimetokeza pembeni, kinabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni."

"Kwa hiyo hata ndani nina godoro bovu."

"Moja tu."

"Wakisikia wateja nimekwisha."

Walicheka wote wawili. Kisha daktari akashika kalamu. "Sasa niambie kuhusu la nje. Unalala kwenye nini?"

Fundi alitazama tofali chini ya meza. "Kinyozi hajinyoi, mwanangu."

"Limezama?"

"Limezama."

"Unalala chali au ubavu?"

"Ubavu. Pembeni. Huku mwisho, kwenye mbao."

"Pembeni kwa nini? Mama anachukua nafasi kubwa?"

Fundi alitabasamu kabla ya kufikiri. "Huyo? Wapi! Alikuwa mwembamba, hata shuka lilikuwa halimjui."

Kalamu ya daktari ilisimama. Alilisikia neno lile dogo, *alikuwa*, akalirudia kimoyomoyo, na fundi akamwona akilirudia. Uso wa binti ukabadilika taratibu.

"Baba. Uliniambia hayupo."

"Ndiyo. Hayupo."

"Nami nikamtuma akuchue."

"Ujumbe nilimfikishia."

Daktari aliweka mkono mdomoni. Macho yake yalikuwa yanajaa, na alikuwa bado mdogo mno kujua kuyaficha mbele ya mgonjwa. "Nisamehe, baba. Nisamehe sana. Nilipaswa kuuliza vizuri."

"Usiombe radhi." Fundi alitafuta maneno, na safari hii hakutafuta yale ya kumfurahisha mtu. "Sikiliza. Huu mwaka wa pili, watu wakimtaja wanashusha sauti, kama wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Wengine wakikaribia kumtaja wanaongea habari za mvua. Wewe ulimtaja kama mtu aliyekwenda sokoni. Siku ile nilikaa kitandani nikamngoja kidogo. Unajua ni muda gani sijamngoja mtu? Kumlilia namlilia. Kumngoja ni kitu kingine. Kuna utamu wake."

Nje mtoto alikuwa akikohoa, na mama yake akimwimbia kitu.

Kisha fundi akamweleza yote: mabonde mawili, upande wa ukutani, jinsi anavyoshika ukingo. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Kisigino. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya meza.

"Naelewa," alisema. "Lakini sina budi kusema la kazi yangu. Ukiendelea kujipinda hivyo kila usiku, mshipa ule utazidi kubanwa. Leo ni kidole. Kesho unyayo utaanza kuburuta, na siku itafika hutaweza kupiga magoti juu ya godoro la mtu. Dawa nitakupa, mazoezi nitakufundisha. Godoro lakini lazima lifumuliwe."

"Niombe kingine, mwanangu."

"Sina kingine."

"Basi niombe kesho."

Daktari hakucheka, na hakumlazimisha. Alimfundisha kulala na mto kati ya magoti, kuinua kitu kwa kuchuchumaa badala ya kuinama, kuvuta goti kifuani asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Mwisho akamwambia alale kifudifudi.

"Kwa leo nitakupaka mimi."

Fundi alifumba macho. Mkono wa binti ulikuwa mdogo na mwangalifu, na haukujua njia. Ulisimama mahali pasipouma, ukaruka panapouma, ukaulizauliza. Mkono mwingine ulikuwa ukiijua njia hiyo gizani; ulianzia chini ya bega la kulia na kushuka bila kuuliza, huku mwenye mkono akimsimulia mambo ya jirani fulani. Fundi aligeuza uso upande wa ukuta wa zahanati, na daktari akaendelea kuchua.

Alhamisi simu ililia. Alikuwa mleta sufi. Gari lilikuwa limezama kwenye tope na kukaa huko na mvua juu yake. Magunia yote yalilowa, na sufi iliyolowa ndani ya gunia huoza kama mkate. Labda wiki ijayo. Fundi alizunguka kwa miguu, mguu wa kushoto ukivuta, akauliza kila duka. Kila duka lilikuwa na sponji: la bluu, la maua, la kukunja. Sufi? Wauzaji walimtazama kana kwamba ameulizia mafuta ya kandili. Alirudi jua likiwa limeelemea magharibi, akajibwaga kwenye benchi la Kisigino.

"Mwambie kesho," alisema Kisigino, sindano mdomoni. "Si ndilo jina lako?"

"Nimemwahidi."

"Wewe? Umewaahidi nusu ya mji huu. Wakiamua kukudai siku moja, itabidi waje na viti."

"Nimemwahidi, Kisigino. Mama yake anakuja."

"Mnunulie sponji."

"Linamchemsha."

Kisigino akatoa sindano mdomoni na kumtazama vizuri. Walikuwa majirani muda mrefu, na utani wao ulikuwa na mahali ambapo huishia. "Sasa sufi utaitoa wapi, ndugu yangu?"

Fundi alikuwa akitazama mlango wake.

Ijumaa jua lilitoka kali, jua la kuanikia. Fundi alikuwa ameamka mapema, ameketi upande wake wa kitanda, na bado hajaita mtu. Aliweka kiganja kwenye kishimo cha bega, akakitoa. Hakuwa amewahi kulala pale. Tangu walipooana hakuwahi, na baada ya mazishi hakuthubutu. Sasa, kwa kuwa saa chache baadaye kusingekuwa na mahali pa kulala, alijivuta taratibu kama alivyofundishwa na daktari, akalala kwa ubavu, bega ndani ya kishimo cha bega, nyonga ndani ya kishimo cha nyonga. Yeye alikuwa mkubwa kidogo kuliko bonde lile, lakini lilimpokea.

Kutoka pale, ukilala hivyo, jicho halikomei chumbani kama alivyodhani miaka yote. Linafika kwenye ule mlango usiofunga sawasawa. Na katika ufa wa mlango, fundi aliona karakana: meza yake, gunia lake, na ile kona anayopenda kukaa kunywa chai wakati anapopaswa kuwa kazini.

"Kumbe!" alisema kwa sauti.

Kila asubuhi mkewe alikuwa akiuliza kutoka kitandani, "Umeanza?" Yeye hujibu, "Nimeanza zamani," kikombe kikiwa mkononi. Na mkewe husema, "Basi weka kikombe chini." Miaka yote alidhani mke wake ana karama. Alicheka peke yake, akicheka na mgongo ukiuma, akicheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na hicho nacho akakiacha kipite. Alitamani sana amwambie kwamba sasa amejua. Hilo lilimuuma kuliko mguu: kuwa na kitu kipya cha kumwambia.

Kisha akashuka kitandani akaenda kumwita Kisigino.

Walilibeba pamoja mpaka uani, wakalitandika juu ya turubai. Kisigino aliliona bonde la upande wa ukutani na akaelewa, maana alivua kofia. Alitaka kusema kitu. Fundi akamwambia, "Shika mwisho ule, wacha kusimama kama mteja."

Alikata uzi wa kwanza. Mshono wa godoro hilo aliushona yeye mwenyewe, na uzi haukutaka kukatika; ilibidi aurudie. Alipofungua ubavu, sufi ilitoka kwa mafungu, imegandana, imeshikana na umbo la chombo ilichokaa. Fungu la bega alilitoa likiwa zima. Alilishika muda kidogo. Halafu akalianza kulichambua kwa vidole, na nyuzi zikaachana, zikawa nyepesi, zikataka kuruka. Upepo ukachukua chache na kuzipitisha juu ya ukuta.

Waliipiga kwa fimbo juani mpaka vumbi likaisha, ikavimba, ikawa nyeupe tena. Kisigino, ambaye hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe, alipiga fimbo bila neno. Fundi hakuweza kupiga magoti muda mrefu. Alipiga goti moja, akasimama, akajinyoosha, akarudi. Mara mbili ilibidi ajilaze kabisa kwenye turubai, jasho likimtiririka masikioni, mpaka mguu ulipoacha kuwaka.

"Pumzika, bwana," Kisigino alisema hatimaye. "Yule binti akisikia ulivyofanya kazi leo atakupiga sindano mbili."

"Mama yake anafika jioni."

"Najua anafika jioni. Nakwambia pumzika sasa, ufike na wewe."

Alasiri akaanza kushona. Mfuko mpya ulikuwa wa mistari ya bluu. Alijaza pembe kwanza, kama inavyotakiwa, kisha kingo, kisha katikati, akisukuma kwa mkono mpaka begani. Akachukua shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, akafunga vifundo safu kwa safu, akivuta uzi kila upande kwa nguvu moja. Sufi iliyobaki, ya upande wake wa nje, ilitosha godoro jembamba la mtu mmoja. Hilo angelishona kesho, na safari hii kesho ilikuwa ya kweli, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kulala.

Walilipakia kwenye mkokoteni jua likiwa linashuka. Kisigino alisukuma, fundi alitembea pembeni, kiganja juu ya godoro lisije likateleza. Watu barabarani walishangaa. Mwanamke mmoja muuza nyanya alisema kwa sauti, "Leo ni siku gani jamani? Fundi Kesho analeta!"

Chumba cha daktari kilikuwa mwisho wa uwanja wa nyumba ya vyumba vingi. Mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa ameshafika, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, amekaa juu ya sanduku lake la safari na viatu bado miguuni, na binti yake amekaa chini amemlalia mapajani kama mtoto wa shule. Daktari aliinuka haraka.

"Baba! Sikudhani..." Akajizuia.

"Hukudhani. Sema tu, hapa wote ni watu wazima."

"Watu walinicheka, baba. Waliniambia ninunue mkeka wa pili."

"Karibuni, karibuni," alisema mama. "Mwanangu hajaacha kukutaja. Pole na mgongo."

"Nishapoa, dada. Karibu ugeni."

Wakaliingiza, wakalilaza pale palipokuwa na mkeka. Daktari aliinama kuligusa, na fundi akasafisha koo.

"Jambo moja, mwanangu, nisikufiche. Sufi ya dukani haikufika. Hii si mpya. Ni ya zamani, lakini nzuri, haina hata mbegu. Nimeichambua na kuianika leo."

"Umeipata wapi?"

"Kwangu."

Daktari alinyanyua macho. Alimtazama fundi, akamtazama Kisigino, na Kisigino akatazama viatu vya mama wa watu kana kwamba vinahitaji soli. Binti akaanza, "Baba, si ungeniambia tu kesho, mimi ningekuelewa..."

"Ningeweza," alisema fundi. "Hata wewe ungenielewa."

"Mnanong'ona nini?" mama akauliza, akivua viatu. "Niacheni nijaribu, nimekaa kwenye gari tangu asubuhi. Mifupa yote inanidai." Akaketi, akainua miguu, akajilaza kwa ubavu na kuvuta pumzi ndefu. "Haya," alisema akiwa amefumba macho. "Haya sasa. Hapa mtu analala."

Daktari alimshika fundi mkono, akaushikilia. Fundi alimwacha kidogo, kisha akaurudisha mkono wake kwa upole, kwa kuwa kazi ilikuwa bado haijaisha. Mama alipoinuka kwenda kuwatilia maji ya kunywa, fundi alipiga goti moja kando ya godoro. Alilibonyeza kwa kiganja kwenye pembe, kwenye kingo, katikati, kisha upande ule uliogusa ukuta, polepole, mahali kwa mahali. Lilikuwa sawasawa kila upande.